Konokono wa Baba Hutazama Mpini

3 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama kuna chungu jikoni kiepue, maana nakujua, ukishaanza kusoma utasahau na mtalala na njaa.

Kazi yangu hapa kwa Bosi unaijua. Watu wanaleta vyombo vya fedha vya marehemu bibi zao, mimi navigeuza, natafuta chapa ya fundi kwenye kitako, naitazama kwa lenzi, nasema ni ya nani, ya mji gani, na kama ni fedha kweli au ni kile Baba alichokiita shaba iliyovaa shuka. Wengi wanaleta shaba iliyovaa shuka. Wiki iliyopita mama mmoja alilia hapa mbele yangu. Birika la ukoo wao lilikuwa limechovywa fedha tu, na kwenye ukingo fedha imeshalika, shaba inachungulia. Nikamwonyesha kwamba zile alama nne zilizopangwa vizuri chini yake ni pambo la kiwanda, zimeigwa zifanane na chapa za kweli. Akaniambia sina adabu.

Jana likaletwa sanduku la vyombo kutoka nyumba ya mtu aliyefariki. Ndani mlikuwa na jagi dogo la maziwa. Nikaligeuza, nikamkuta konokono amepigwa chapa kitakoni.

Ni konokono wa Baba, Dada. Sisemi anafanana naye. Pembe ya kushoto haipo, ile uliyoivunja wewe ulipochukua muhuri wake ukapasulia kokwa, ukachapwa, na mimi nikachapwa kwa kucheka. Fundi mwingine mwenye konokono wa pembe moja hayupo.

Tena kuna ufa. Unakumbuka Baba alipoondoka muhuri wake ulikuwa na ufa mwembamba, umeanzia ukingoni ukaishia mkiani mwa konokono. Kile kijiko alichomfanyia Mama kabla hajasafiri kinauonyesha, kakitazame. Kwenye jagi hili ufa umepanda mgongoni, umelikata gamba lote, umefika shingoni. Chuma hakipasuki kikiwa kimelala mfukoni. Kinapasuka kwa kupigwa. Muhuri huu umepigwa miaka na miaka baada ya Baba kutuaga. Nimeweka karatasi juu ya chapa nikasugua kwa penseli, kwa hiyo konokono mwenyewe yumo humu ndani ya bahasha.

Baba hakufa njiani. Miaka yote Mama anasema, "Angekuwa hai angerudi," na hakuna kati yetu aliyethubutu kumbishia. Basi mwambie amekosea. Mara moja maishani mwake Mama amekosea, na mimi nimefurahi kupita kiasi. Msomee leo hii, usingoje kesho.

Mdogo wako,
Nyundo Mbili


15 Machi

Mdogo wangu,

Chungu kiliungua.

Nilimsomea Mama. Alisikiliza amefumba macho, akasema, "Soma tena pale pa ufa." Nikasoma. Akasema, "Tena." Kisha akaomba karatasi yako na kijiko chake anachokiweka chini ya mto. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo, kwa hiyo alipitisha ukucha juu ya chapa ya kijiko, taratibu, akiutafuta ufa unapoishia.

Halafu akashusha miguu. Tangu maji yaanze kumjaa miguuni hajawahi kushuka kitandani bila kushikwa, na siku hiyo alishuka mwenyewe, akashika ukuta mpaka chumba cha kazi cha Baba. Kesho yake amekula sahani nzima. Amenisimamia nikatoa zana zote za Baba nje, moja moja, koleo, nyundo, matupa, hata mvukuto. Fuawe peke yake ndilo lililotushinda kulibeba, limebaki pale pale. Nilipomuuliza tunazitolea nini, akasema, "Zipate jua." Majirani wanasema amepona. Mimi nawaitikia tu.

Sasa nijibu swali moja, maana mimi ndiye niliyekaa miguuni pa Baba kabla yako. Umemleta konokono bila jagi lake. Anatazama wapi? Unajua Baba hakumpiga konokono ovyo, alimwelekeza kwenye mpini, chombo chochote kile. "Anamwendea mwenye kushika," ndivyo alivyosema. Hata akiwa na homa hakumgeuza. Niambie anatazama mpini nipate kulala.

Na hilo jina usijivunie. Baba alikuita Nyundo Mbili kwa sababu hukuweza kupiga muhuri mara moja ukaridhika. Lazima uongeze nyundo ya pili, na chapa itoke na kivuli, kama vile aliyeiona amelewa. Vijiko vyako vyote aliviyeyusha.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Anatazama mpini. Lala.

Nimepekua stoo ya Bosi nikapata vingine viwili vyenye chapa hiyo, upawa na sinia. Pembeni ya konokono wa jagi kuna chapa nyingine ndogo, nyota juu ya daraja. Zamani kila mji uliokuwa na ofisi ya kupima fedha ulikuwa na alama yake, na Bosi ameitambua hii kabla sijamaliza kuuliza. Ni mji wa viwanda, si mbali sana na hapa. Leo leo naandika huko.

Nimecheka uliposema zana zimetolewa zipate jua. Huyo anamwandalia mtu pa kukaa. Mwambie asijichoshe, Baba akija atapanga mwenyewe, na atanuna kwamba zimepangwa vibaya. Barua yako naisoma kila ninapokula. Mama ameshika ukuta akatembea, na ni kwa sababu ya kitu nilichokiona mimi kwa lenzi yangu. Sijawahi kufanya jambo la maana hivi.

Mdogo wako,
Nyundo Mbili


29 Machi

Kwa fundi anayepiga chapa ya konokono, kwa mkono wa ofisi ya kupima fedha

Bwana Fundi,

Hatujuani. Mimi ni mtoto wa sonara aliyeuchonga muhuri unaoutumia.

Nina vyombo vitatu mbele yangu. Kwenye jagi konokono ameupa mpini mgongo, anatazama mdomo. Kwenye upawa ni hivyo hivyo. Sinia ni la kuchovya, kwenye pembe moja shaba iko nje, na baba yangu angekata kidole chake kabla hajamkalisha konokono juu ya shaba. Nilipoliona jagi mara ya kwanza niliangalia ufa tu. Furaha ilinipofusha, sikutazama konokono anakwenda wapi. Dada yangu ndiye aliyeniuliza, na leo asubuhi nimemdanganya.

Mkono unaoupiga si wa baba. Nakuomba uniambie ni wa nani, na baba mwenyewe yuko wapi. Sina nia ya kumshitaki mtu. Mama yangu ni mgonjwa, na nimeshamtumia habari kwamba mumewe yu hai.

Karani wa chapa


20 Aprili

Bwana mdogo,

Umeniandikia kama polisi. Mimi nitakujibu kama mtu, maana mwenye konokono alikuwa mtu.

Mpigaji ni mimi. Nimepiga kwa sababu wanunuzi wanamjua konokono, mimi hawanijui, na muhuri ukilala kwenye droo haumfai yeyote. Kwamba ana upande wa kutazama sikujua. Hakunieleza, sikumuuliza. Kama hilo ni kosa, haya.

Baba yako alifika hapa wakati fedha halisi haina kazi, ni karakana za kuchovya tu. Akachukuliwa karakana moja na mimi, kwenye mapipa ya kuchovyea. Uliyoyasema ni kweli, aliidharau ile kazi. Alisema ni sawa na kumvisha maiti nguo za harusi. Lakini alikuwa na mke na watoto, akachovya. Alikaa nasi msimu mmoja. Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa kamba, uko chini ya meza, ametuaga, asubuhi yake asafiri kurudi kwenu. Alasiri ile mtu akamimina tindikali penye dawa ya fedha, vitu ambavyo havikutanishwi hata siku moja. Mvuke wake huuoni. Sisi tuliokuwa mlangoni tulitoka. Yeye na wenzake wawili walikuwa mwisho wa chumba.

Kiwanda kiliwazika siku ile ile, shimo moja, bila majina, na meneja akatuambia tusahau. Niliutoa muhuri kwenye aproni yake kabla hawajambeba. Yote hayo ni ndani ya mwaka ule ule aliotoka kwenu. Tangu hapo konokono ni wangu.

Hakuwa msemaji. Jambo moja alilirudia mara nyingi, kwamba mkewe hapati usingizi mpaka mlango utiwe komeo, na kwamba sasa akiwa peke yake lazima anaamka kuuhakikisha. Alikuwa akisema hivyo anacheka, halafu ananyamaza.

Muhuri umo kwenye kifurushi hiki. Ufa umeshaumaliza, usiupige tena. Mimi nimechonga wangu.

Fundi


25 Aprili

Mdogo wangu,

Umetunyamazia. Mama anaulizia posta kila asubuhi kabla hata hajanawa.

Zile nguvu zimekwisha. Maji yamepanda mpaka mapajani, analala amekaa, na daktari akitoka chumbani ananiambia tu nijitahidi ale anachokitaka. Hataki kitu. Jana alinishika mkono akasema, "Mwandikie huyo mtoto. Amuulize baba yake swali moja, kwa nini hakuja. Sitaki salamu, nataka jibu." Nilitaka kuyalainisha maneno hayo, akanikataza, akanifanya niyarudie kama nitakavyoyaandika.

Kwa hiyo kama umejua lolote, zuri au baya, liandike haraka. Mama si wa kufichwa, unamjua. Habari mbaya anazikunja kama nguo, anaziweka, anaendelea na kazi. Kinachomla ni kutojua.

Dada yako


8 Mei

Mama yangu,

Nimemwona Baba.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilisafiri. Yuko kwenye chumba kidogo nyuma ya karakana, safi, kina dirisha. Amezeeka. Mikono inamtetemeka, siku hizi hapigi kazi nyingi, na kifua hakimruhusu kusafiri bado. Nikimtazama anavyokaa ni yule yule, hanyanyui kichwa mpaka amalize alichokishika.

Nilimuuliza swali lako, kama ulivyolisema. Akasema alikuwa na aibu. Alitoka akiahidi makubwa, mambo yakamwendea kombo, na kila mwaka uliopita ukaifanya safari ya kurudi kuwa ngumu zaidi. Hakusahau. Ameniambia nikuulize kama bado huwezi kulala mpaka mlango utiwe komeo, na kama bado unaamka kuuhakikisha. Alicheka akiuliza, halafu akanyamaza.

Anakutengenezea kijiko. Kikiwa tayari nitakituma. Jitahidi kula, Mama, ili akija akukute.

Mwanao


22 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika, nikamsomea Mama yote. Amesikia, hana neno la kuongeza.

Wewe mtunze Baba. Kama kifua kinamsumbua asilale chini, na usimpe habari nyingi za huku, mwenye maradhi habebeshwi mizigo. Nasi tupo. Usiandike mara kwa mara, tumia muda huo kukaa naye.

Dada yako


10 Juni

Dada,

Kijiko hiki hapa. Mpe Mama mkononi mwake mwenyewe, asikiguse mtu mwingine kwanza. Baba amekitengeneza kwa siku nyingi kwa sababu ya ile mikono. Mwambie apitishe ukucha juu ya chapa kama alivyofanya kwa kile cha zamani, atamsikia konokono, pembe moja, anatazama mpini.

Mbona siku hizi barua zako ni fupi? Niandikie Mama alisema nini pale pa komeo. Alicheka? Huku jioni zikifika nawaza hilo tu.

Mdogo wako


24 Juni

Nyundo Mbili,

Nimekipokea kijiko. Nimekaa nacho dirishani asubuhi nzima.

Mpini umefuliwa vizuri. Umejifunza, sikatai. Konokono anatazama mpini, pembe ni moja, ufa ni ule ule mpaka shingoni. Lakini ana kivuli. Gamba lina kingo mbili, pembe ile moja imekuwa mbili, na wa pili amesogea kidogo juu ya wa kwanza. Umepiga, hukuamini, ukapiga tena.

Baba alipiga mara moja tu, hata mikono ingetetemeka namna gani. Angekosea angekiyeyusha na kuanza upya, asingetoa nyumbani chombo chenye kivuli, tena kwa Mama. Na Baba angekuwa hapo hai, na muhuri wake upo hapo, asingekuruhusu wewe uushike. Kwa hiyo hayupo hapo.

Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako imefika mlangoni kwangu. Baba yuko wapi? Niambie yote, nami nitakuambia yangu.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Barua ya fundi naiweka humu. Isome ukiwa peke yako, kisha urudi kwenye hii.

Sikwenda popote, sikumwona mtu. Nilikaa katika chumba changu, nikaandika. Ungefanya nini wewe? Nilikuwa nimeshasema yu hai. Ukaniandikia Mama amesimama, ametembea, amekula sahani nzima, zana zimetolewa juani. Halafu inakuja hii barua, Baba amelala kwenye shimo na watu wawili, tangu sisi tukiwa bado watoto wa shule. Nilimpa Mama mume, nikashindwa kumnyang'anya. Nilipopata lile la komeo niliona Mungu amenipa angalau neno moja la kweli la kutia humo, na mengine nikayazungushia hilo.

Kuhusu chapa umeona sawasawa. Nyundo ya kwanza ilitosha, nadhani, ila niliogopa konokono hakuingia vizuri na Mama asingemsikia kwa ukucha. Ya pili iliupasua muhuri. Umekuwa vipande viwili, nimevifunga kwenye leso.

Nakuomba kitu kimoja. Usimsomee Mama barua ya fundi. Nilaumu mimi upendavyo, lakini yeye mwache na mume wake aliye hai. Mambo haya tuyajue mimi na wewe.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Mama alifariki tarehe 18 Mei, alfajiri. Nilimzika na majirani.

Nimeahidi kukuambia yangu, kwa hiyo sasa na wewe kaa chini.

Kilichomsimamisha Mama mwezi wa tatu ni hasira. Niliiona usoni mwake tangu mara ya pili aliposema "Tena." Zana hazikutolewa zipate jua, hilo alinijibu mimi ili nisimzuie. Wiki ile ile alimwita mwokota vyuma akampa zote bure, na akasimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Ile sahani alikula akitafuna kama mtu anayegombana na chakula. Mimi nikakuandikia amekula, kwa sababu ulikuwa na furaha, na sikutaka kuwa wa kuizima. Hilo ni langu, silikwepi.

Miaka yote alisema, "Angekuwa hai angerudi." Sisi tulidhani ni huzuni yake. Kumbe ndiyo imani yake, ndicho kitu alichokuwa akikilalia na kuamka nacho. Alikuwa mjane wa mtu aliyempenda na aliyekuwa njiani kuja kwake. Tukamwambia kwamba mtu huyo yuko mji wa pili anawatengenezea wengine majagi ya maziwa. Tulimfanya mke aliyeachwa, katika uzee, na miguu imevimba.

Barua yako ya tarehe 8 Mei ilifika tarehe 16. Nilimsomea. Pale pa komeo alifumbua macho. Alinitazama, midomo ikasogea, nikadhani sasa atalia na litakwisha. Akasema, "Rudia pa swali langu." Nikarudia pa aibu. Akasema, "Aibu. Basi akae na aibu yake." Akatoa kijiko chini ya mto akanipa, akasema nikampe mwokota vyuma. Kisha akageukia ukutani. Siku ile na iliyofuata hakusema tena, na usiku wa mwisho aliniambia mlango niuache wazi, yeye hana anayemngoja wala anayemwogopa. Mama, aliyekuwa akiamka kuhakikisha komeo. Nikauacha wazi kama alivyotaka.

Sikukuambia kwa ajili ya Baba. Nilijua uko naye, mgonjwa, kifua kibovu, na sikuweza kumfikishia kwamba mkewe amekufa akiwa hataki kulisikia jina lake. Niliona heri mzee afe hajui. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi. Nilikuwa namhurumia mtu aliyekwisha kuzikwa zamani, na wewe ukimfulia kijiko mtu niliyekwisha kumzika.

Barua ya fundi ina tarehe 20 Aprili. Hata posta ingechelewa vipi, ulikuwa nayo mkononi Mama akiwa hai. Nimelifikiria hilo kila siku tangu nilipoipokea, na siwezi kukuandikia kwamba halina neno. Habari uliyoiona mbaya mno kwa Mama ndiyo pekee ambayo ingemfaa. Mfuko umefungwa kamba. Ametuaga, asubuhi asafiri. Angelia, angeikunja, angeiweka, na angekufa na mume. Nilikuambia si wa kufichwa.

Mimi pia nilikuandikia hasira nikaiita afya. Hatuna wa kumnyooshea kidole hapa ndani.

Jana asubuhi nilikwenda alipolala Mama. Nilichukua barua ya fundi nikamsomea kwa sauti, kuna mtu alikuwa anafyeka majani upande wa pili akaacha kufyeka, sikumjali. Nilipofika pale pa mfuko nilijiambia "Tena," nikasoma tena. Pale pa komeo nikasoma mara tatu. Nilirudi nyumbani sijui nimefanya nini, hakuna kilichobadilika.

Kijiko cha zamani sikumpa mwokota vyuma. Ninacho, pamoja na chako. Njoo na vile vipande viwili vya muhuri tuvifukie miguuni pa Mama, maana Baba hatuna pengine pa kumzika. Usiniandikie kwanza kwamba unakuja, wala kwamba unaomba radhi. Barua zimetosha. Mlango sijautia komeo tangu siku ile, utaingia tu.

Dada yako